Holden ilipoaga Mount Panorama

Oktoba 2022 nilikuwa Bathurst, Australia, kwenye mbio za magari za Supercars, na hadi leo nikisikia mngurumo wa injini ya V8 mwili unanisisimka. Mvua ilitunyeshea kweli. Jumamosi ilizidi mpaka mchujo wa kumi bora, wa kupanga nani aanze mbele, ukafutwa. Matope yaliingia hadi kwenye soksi, lakini watu hawakubanduka.

Barabara ya mbio hizo, pale mlima Mount Panorama, siku za kawaida ni ya kila mtu, ina makazi kando yake na mwendo wa juu ni kilomita 60 kwa saa. Siku ya mbio ni mizunguko 161, kilomita 1,000, kupanda mlima na kushuka.

Ulikuwa msimu wa mwisho wa Holden, chapa ya magari ya Australia, kwenye mbio hizi. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa anaikamua bendera yake ya Holden kwa mikono miwili, anaitundika kwenye uzio, inalowa, anaikamua tena. Shane van Gisbergen na Garth Tander walipomaliza wa kwanza na gari lao la Holden Commodore, alinishika mkono kwa nguvu, hakusema kitu.

Desemba, kule Adelaide, dereva Broc Feeney akaipa Holden ushindi kwenye mbio za mwisho kabisa. Hizo nilizitazama kwenye simu, machozi yakanitoka.