Ushindi 10 tu? Nilivyompima deGrom kwa kaunta buku

Mimi ni karani wa dagaa mwaloni Kirumba, ila roho yangu iko kwenye besiboli ya Marekani. Mechi ya saa moja jioni New York huku kwetu ni saa nane usiku wakati wa kiangazi chao, nami niko macho nikisubiri mitumbwi.

Msimu wa 2018 ulipoisha, shemeji alinibana kuhusu Jacob deGrom, wakati huo mrushaji wa timu ya New York Mets. "Kashinda 10, kapoteza 9. Ubora uko wapi hapo?" Nikakosa jibu, na iliniuma.

Jibu lilinijia kazini. Wakati wa mbalamwezi taa zetu hazivuti dagaa, nahodha hodari anarudi na ndoo chache, na tajiri hamfukuzi kwa sababu mwezi si wake. Basi ushindi nao si wa mrushaji peke yake: wenzake wasipofunga, atarusha vizuri na kupoteza. deGrom aliruhusu wastani wa pointi 1.70 kwa inningi (zamu) 9, yaani mechi nzima, ukiacha zilizotokana na makosa ya wadakaji.

Hata wastani huo una mkono wa wengine. Mwaka 2001 mchambuzi wa takwimu za besiboli, Voros McCracken, alionyesha kwamba mpira ukishapigwa ukabaki uwanjani, mrushaji ana usemi mdogo sana. Wadakaji na bahati ndio huamua. Nikafungua kaunta buku, nikaandika yaliyo yake tu, kila moja kwa uzito wake katika kanuni ya wachambuzi iitwayo FIP.

Homurani (mipira iliyopigwa ikavuka uzio) 10 mara 13: 130. Besi za bure (anazopewa mpigaji kwa mirusho mibovu) 46 na wapigaji waliogongwa na mpira 5, mara 3: 153. Jumla 283. Waliotolewa kwa straiki 269 mara 2: 538. Nikatoa, ikabaki hasi 255. Nikagawa kwa inningi 217, nikaongeza namba ya kusawazisha ya msimu ule, kama 3.16, ili jibu lisomeke kama ule wastani wa pointi. Ikaja chini kidogo ya 2! Nilirudia mara tatu kwa kalamu nyekundu.

Wapiga kura wa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi, nao waliliona: 29 kati ya 30 walimweka wa kwanza.

Shemeji aliusoma ukurasa kimya, kisha akauliza: je, yule anayejua kumfanya mpigaji aupige mpira kilegevu, hesabu hii inampa nini? Haimpi kitu. Hapo ana hoja, na nilimwambia hivyo.