Umataifa wa Chuo Kikuu Uanzie Nyumbani

Vyuo vikuu vingi hupima umataifa wao kwa idadi ya wanafunzi wa kigeni na mikataba iliyotiwa saini, ilhali ukiingia katika ukumbi wa chakula unakuta wageni wameketi meza yao na wenyeji yao, mwaka nenda mwaka rudi.

Ndiyo maana nauthamini sana mfano wa Chuo Kikuu cha Malmö, Uswidi, kilichofunguliwa mwaka 1998 kikiwa bado hakina vyuo rafiki vya kutosha vya kupeleka wanafunzi wake. Bengt Nilsson, mmoja wa viongozi wake, aliugeukia mji wenyewe, uliokuwa na wakazi wengi wenye asili ya nchi nyingine, akatetea wazo la umataifa wa nyumbani, yaani mwanafunzi kukutana na tamaduni nyingine bila kusafiri ng'ambo. Katika mpango wa malezi ulioanza mjini humo mwaka 1997, kabla hata chuo hakijafunguliwa, mwanafunzi wa chuo hupangiwa mtoto wa shule ya msingi, nao hukutana takriban mara moja kwa wiki kwa miezi kadhaa, wakienda maktaba, wakicheza au wakipika pamoja. Mtoto hukizoea chuo kabla hajafikia umri wa kukiomba nafasi, na mwanafunzi huyajua maisha ya familia ambayo vinginevyo angeyasoma vitabuni tu.

Kwa maoni yangu, kazi ya namna hii ihesabiwe katika alama za masomo, na mhadhiri anayeisimamia apunguziwe vipindi, kwa sababu ikiachiwa watu wa kujitolea pekee hufifia mara tu wanapohitimu.