Nilivyootesha ua wa mtandamboo chini ya Milima ya Ngong

Shamba letu liko chini ya Milima ya Ngong, na kwa muda mrefu nilitamani kulizungushia ua wa mtandamboo, kichaka cha miiba ambacho Wamasai hukiita olamuriaki na Wakikuyu mukawa. Majirani wengi hupanda michongoma, nayo ni imara kweli, lakini nilitaka ua utakaozuia mbuzi na pia kuwapa watoto matunda waliyozoea kuyafuata mlimani.

Jambo la kwanza lilikuwa kukitambua kichaka chenyewe bila shaka yoyote. Katika miteremko hiyohiyo huota olmorijoi, mti ambao sumu yake ilipakwa kwenye mishale, nao ni wa jamii moja na mtandamboo: yote miwili ina majani magumu yanayoota mawili mawili, maua meupe yenye wekundu hafifu na harufu tamu, utomvu mweupe, na matunda yanayogeuka zambarau iliyokoza. Kinachoitofautisha ni miiba. Mtandamboo una miiba mirefu migumu, mingine yenye ncha mbili, ilhali olmorijoi hauna hata mmoja. Kwa hiyo nyumbani kwetu watoto wanajua kwamba kichaka kisicho na mwiba hakichumwi, na sheria hiyo haina msamaha.

Nilichuma matunda meusi yaliyolainika, nikayaponda ndani ya ndoo ya maji na kuzisugua mbegu kwa mchanga mpaka utomvu wote ukatoka, kisha nikazisia papo hapo, kwa kuwa mbegu za mtandamboo zikiwekwa hupoteza uhai upesi. Baada ya wiki mbili hivi zilianza kuchipua. Miche hukua polepole sana mwanzoni, na hapa ndipo subira inapohitajika. Niliitunza chini ya kivuli cha nyasi hadi mashina yakakomaa, nikaihamishia shambani masika yalipoanza, na kila mmoja nikaukinga kwa matawi makavu ya miiba ili mbuzi wasiufikie.

Sasa ua umeshikana na unazaa. Tunachuma matunda yaliyoiva tu, maana mabichi ni machachu na utomvu wake hunata midomoni. Wanaokuja kuomba mizizi ya kuchemshia supu nawakatia ya pembeni, tena kwenye vichaka vilivyokomaa, na sikubali kichaka king'olewe kizima.