Nyanya zangu ziliiva chini ya kitanda

Yule kaka aliyeniambia "theluji ikishayeyuka tu, panda, mdogo wangu" bado hajanilipa miche yangu kumi na miwili ya nyanya. Simtaji jina, maana tunasali pamoja na moyo wake ni mzuri. Ila bustani hajui.

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Nimekulia kwenye matuta ya kabichi na karoti, jembe nimelishika kabla ya kalamu, na mwezi wa Julai kule kwetu watu hawavui sweta mpaka saa nne asubuhi. Kwa hiyo nilipofika Edmonton, Kanada, nikapata kipande kwenye bustani ya mtaa, kodi dola hamsini na kitu kwa msimu, nilijiona profesa. Baridi naijua! Kumbe nilichokuwa nakijua ni ubaridi.

Mwaka wa kwanza, mwishoni mwa Aprili, ikaingia wiki ya joto. Mchana digrii 22, Wakanada wametoka na kaptula kama wako Bagamoyo. Nikakumbuka kwetu Aprili ni masika, kila mtu yuko shambani. Nikampigia mama. "Aprili hii? Mbona umechelewa, mwanangu!" Kaka naye ndipo alipotoa fatwa yake. Nikaenda dukani nikachagua miche mikubwa, mingine imeshatoa maua, mmoja dola tano, sita. Nikaipanda Jumamosi, nikaichomekea vijiti, nikapiga picha, nikaweka status.

Usiku wa Jumatatu anga likawa safi kabisa, nyota tele, hata jani halitikisiki. Nilisimama dirishani nikasema, usiku mzuri huu.

Asubuhi majani yote yana chembe nyeupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Jua lilipoyapiga, haikupita saa moja yakawa meusi, yamelegea, yanang'aa kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Ukishika shina unabaki na utelezi vidoleni. Kumi na miwili yote. Hiyo ndiyo sakitu, ambayo maisha yangu yote nilikuwa naisikia kwa watu wa Njombe tu.

Kipande cha juu yangu kina bibi mmoja mwenye asili ya Ukraine. Wako wengi mji huu. Alikuja na fimbo yake, akatazama msiba wangu, hakusema kitu. Akanivuta mkono nikaone kwake. Njegere zimetoa vichwa, vitunguu vimesimama wima kama askari, na sehemu ya nyanya iko tupu. Akainua vidole vinne. Nikadhani ni siku nne. Alikuwa na maana ya wiki.

Nilipompa mama taarifa akauliza, "Si ungeifunika na majani ya mgomba?" Nikamwambia mama, huku majani ya mgomba yanauzwa dukani, yamegandishwa kwenye mfuko wa plastiki, kwa bei ya kuku. Alicheka mpaka salio likaisha.

Bibi ndiye aliyenifundisha kuacha kutazama mchana. Mchana wa huku ni mwongo. Kinachoua ni usiku, tena ule mzuri wenye nyota, kwa sababu mawingu ni blanketi: yakiwepo joto la ardhi linabaki, yasipokuwepo linapaa lote. Utabiri ukisema digrii mbili na anga ni safi, jani lenyewe linaweza kuganda. Halafu baridi inateremka kama maji. Kipande changu kiko bondeni, chake mwinukoni, hatua thelathini tu, na mara mbili nimepigwa mimi yeye akasalimika. Nilipopewa kile cha bondeni nilishukuru nikidhani kuna unyevu!

Wenyeji wengi hupanda kwa sikukuu ya Victoria Day, ile Jumatatu inayotangulia tarehe 25 Mei. Bibi hata hiyo haiamini. Nyanya zake hazilali nje mpaka usiku ushike digrii 10, hata ikiwa ni Juni. Njegere, spinachi, karoti na vitunguu vyenyewe vinaingia mapema, udongo ukishaacha kushikamana kama ugali, na sakitu ndogo haviisikii.

Mwaka wa pili nikaamua kuanzia miche nyumbani. Wiki sita mpaka nane kabla ya kuitoa, kwa hiyo kwangu ni mwanzoni mwa Aprili. Ile ya dirishani ilirefuka ikawa kama mlingoti, myembamba, inalalia kioo. Nikanunua taa mbili, sikumbuki bei, nikazining'iniza karibu kabisa na majani. Tatizo likaisha.

Lakini ninachojivunia mimi ni madumu.

Hapa maziwa yanauzwa kwenye madumu ya plastiki ya lita nne. Unalikata katikati kwa kuzunguka, unaacha kipande chini ya mkono wake kiwe bawaba. Chini unatoboa matundu, unatia udongo kama sentimita kumi, unaumwagilia, unasia sukuma wiki, unafunga kwa tepu, kifuniko unatupa. Halafu mwisho wa Machi unalibeba unaliweka nje, juu ya theluji, unaondoka zako. Najua unavyonitazama. Mume wangu naye alinitazama hivyo hivyo. "Mama Neema, hizi takataka zinasubiri gari gani?" Na kweli siku ya gari la taka alitoa mawili, nikayawahi nimevaa ndala kwenye barafu, dereva anapiga honi.

Kinachotokea ni hivi: theluji inaingia kwa juu, inayeyuka, inamwagilia yenyewe. Dumu linakuwa kibanda cha kioo. Mbegu haiamki mpaka iridhike na hali ya hewa, na ikiamka imeshazoea, huna haja ya kubeba miche asubuhi na jioni kuizoesha upepo. Mwaka ule theluji ilirudi katikati ya Mei. Nilipofungua dumu nikakuta sukuma wiki za vidole viwili, kijani kibichi, hazina habari. Nilimwita mume wangu aje aone. Akasema ana kazi.

Usijaribu hivyo kwa mchicha. Mbegu nilinunua duka la Wahindi (za nyumbani sikubeba, sikutaka kuulizwa maswali uwanja wa ndege), nikasia Mei pamoja na karoti, zikaozea humo humo. Mchicha unataka udongo wa moto, digrii 18 hivi. Nikasubiri Juni imepita wiki, nikarusha nyingine bila hata kupima mstari, siku ya tano ukawa umeota. Na hapa ndipo nchi hii inapokuomba radhi: mwezi Juni jua linachomoza saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa nne usiku. Saa 17 za mwanga! Mchicha unakua unauona kwa macho. Ndani ya mwezi nilianza kukata, nikagawa mpaka watu wakaanza kunikwepa. Ila kotimiri mwanga huo unaitia wazimu, inakimbilia maua kabla hujaionja. Mnavu niliuanzia ndani kama nyanya, maana ni ndugu, ukazaa vizuri sana. Bamia nilivuna mbili. Nilizipiga picha, kisha nikazipika kwa heshima.

Jambo jingine lililonichelewesha: zile siku za kusubiri mavuno zinazoandikwa kwenye pakiti za mbegu. Karoti ikiandikwa siku 70, ni tangu umesia. Nyanya ikiandikwa siku 70, ni tangu umeuhamishia mche bustanini. Mimi nilikuwa nahesabu tangu nilipousia ndani, nikawa nasubiri nyanya nyekundu Juni. Na hapa kati ya sakitu na sakitu unapata siku kama 120 mwaka ukiwa mwema, huku Septemba kila kitu kikitembea kwa mkongojo. Nyanya ya siku 85 achana nayo, tafuta za 55 au 60.

Katikati ya Septemba utabiri ukasema digrii moja, anga safi. Nyanya zangu zimezaa kwelikweli, zote kijani. Nikabeba khanga zote za nyumbani. Mara ya kwanza nilikosea: niliufunga kila mche kichwani, kama mtu anavyofunga kilemba. Khanga zikalowa umande, zikaganda juu ya majani, na kila palipogusana pakaungua. Usiku uliofuata nikapigilia vijiti, khanga zikakaa juu yake bila kugusa jani, pindo zikifika chini na kukandamizwa kwa mawe, maana joto lenyewe linatoka ardhini. Zilistahimili usiku tatu. Asubuhi bustani nzima ilikuwa inasoma "Mgeni njoo mwenyeji apone", bibi akaomba moja.

Usiku wa nne walitabiri digrii tatu chini ya sifuri, nikanyoosha mikono. Nilichuma nyanya zote mbichi, ndoo nne au tano. Bibi alinielekeza kuzifunga kwenye magazeti, moja moja, ziwe na tufaha bovu bovu pembeni. Nikasimama na lile tufaha mkononi nikacheka. Si kuvundika huku! Mama anavundika ndizi tangu sijazaliwa, kwa majani na moshi, na mimi nimesafiri bara zima kuja kufundishwa na Mzungu. Nikachagua zile zilizoanza kung'aa na kupauka. Zile ngumu za kijani kilichokolea haziivi, hizo nilitia achari. Maboksi yakaingia chini ya kitanda. Kila Jumapili nakagua, nyekundu inatoka, iliyooza inatupwa kabla haijaambukiza. Chumba kilinuka soko la Kariakoo na nilikipenda hivyo.

Sukuma wiki hazikufunikwa hata kwa leso. Zilipigwa na sakitu Oktoba yote zikazidi kuwa tamu, kwa sababu mmea ukiona baridi unageuza wanga kuwa sukari usigande. Karoti vilevile. Palipokuwa na nyanya nikazika punje za kitunguu swaumu kabla ardhi haijawa jiwe, zilale chini ya theluji mpaka mwakani. Navuna Agosti.

Nyanya ya mwisho tuliikata katikati ya Novemba, nje digrii kumi na tano chini ya sifuri. Ngozi imekunjamana kama ya mzee, lakini kachumbari ilitosha watu wanne. Mmoja wao ni yule kaka. Alikula, akauliza ni za duka gani, akaonyeshwa boksi. Sasa anataka miche yake. Nimeshaandika jina lake kwenye dumu moja la sukuma wiki, ataanza na hizo. Za nyanya nitampa Juni, na nitampelekea mwenyewe, jioni, baada ya kusoma utabiri wa usiku.