Ngiri ya Bochdalek kwa mtu mzima: mpira wa puani kabla ya mrija wa kifuani

Ngiri tunayoijua wengi ni ya kinenani au kitovuni. Ya Bochdalek imejificha upande wa nyuma wa kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, kwenye tundu ambalo halikufunga mtoto akiwa tumboni mwa mama. Mtaalamu wa anatomia Vincent Bochdalek wa Prague aliieleza mwaka 1848. Mara nyingi iko kushoto, maana kulia ini huziba njia.

Mtu huzeeka nayo bila habari. Kisha ujauzito, kikohozi kikali au mzigo mzito unasukuma mfuko wa chakula au utumbo mpana kifuani, nao unanyongwa pale tunduni. Mgonjwa anatapika, anahema, ubavu wa kushoto unamchoma.

Kosa kubwa hufanyika hapa. Eksirei inaonyesha hewa na maji kifuani, daktari anadhani hewa imevuja kutoka kwenye pafu, anachoma mrija wa kutoa hewa kifuani, anatoboa utumbo. Uchafu wote unamwagika kifuani. Tafadhali, anayetapika na kifuani mwake panasikika mngurumo wa utumbo apitishwe kwanza mpira wa puani unaofika mfuko wa chakula, kisha apigwe picha nyingine. Ncha ya mpira ikionekana imejikunja juu ya kiwambo, jibu ni hilo, na tumbo limeshaanza kupungua hewa. Mpira ukigoma usiulazimishe: huenda mfuko wa chakula umejisokota. Picha ya CT, eksirei ya kompyuta, humaliza ubishi, ila mgonjwa anayezidiwa asicheleweshwe kwa ajili yake.

Wataalamu wa usingizi wasipulize hewa kwa nguvu kwenye barakoa, wala wasitumie naitrasi oksaidi, gesi ya usingizi. Vyote hutunisha kilichonaswa.

Kwenye upasuaji, tumbo hufunguliwa katikati. Utumbo ukikataa kushuka, kuuvuta ni kuuchana. Pitisha mpira laini pembeni yake hewa iingie kifuani, mvuto ulegee. Utumbo ukibanwa bado, panua ukingo wa tundu kidogo. Ukishashuka, uufunike kwa vitambaa vyenye maji ya chumvi ya vuguvugu, dakika 10 hivi. Ukirudi kuwa mwekundu na kucheza, unabaki. Uliobaki mweusi unakatwa.

Tundu hushonwa kwa uzi usioyeyuka. Likiwa pana huwekwa wavu, lakini si wavu wa plastiki pale uchafu ulipomwagika, maana utapata maambukizi na usaha. Mrija wa kifua sasa ndio wakati wake. Pafu lililosinyaa siku nyingi liachwe lipanuke taratibu. Likijazwa kwa pupa hujaa maji. Na tumbo likikaza mno baada ya kurudishiwa utumbo wake, usilifunge kwa nguvu siku hiyo: mkojo hukatika na pumzi hubanwa.