Mradi wa sauti ya Garratt: nilipofikia mpaka sasa

Nimeamua kuandika hii kumbukumbu manake kila nikirudi likizo watu wa nyumbani wananiuliza ule mradi wa sauti umefika wapi, na nikianza kueleza najikuta nimeruka vitu, kwa hivo hapa naweka yote vile yalivyofuatana.

Chanzo chake ni marehemu babu. Babu alikuwa fayamani wa reli hapa Mombasa, yaani mtu wa kutunza moto wa injini, kwenye zile injini kubwa za mvuke za klasi ya 59, aina ya Garratt, na tulipokuwa wadogo kule Changamwe, stima ikipotea jioni alikuwa anatuita barazani anatufanyia sauti ya injini kwa mdomo. Sio ile chuku-chuku ya watoto. Alikuwa anaanza taratibu, fuh, fuh, fuh, fuh, halafu unasikia kama kuna nyingine inaingia katikati, fuh-fu, fuh-fu, fuh-fu, mpaka zinachanganyika zinakuwa mvumo mmoja hujui wapi inaanza wapi inaisha, halafu pole pole zinatafutana tena zinarudi kupiga pamoja, fuh, fuh, nzito. "Mbili hizo," anatwambia. "Zinagombana halafu zinapatana."

Baba yangu hakuamini. Alikuwa anasema mzee anaongeza chumvi, garimoshi linapiga chaf chaf chaf kila mtu anajua, hiyo fuh fuh imetoka wapi. Babu alifariki na hakuna hata mmoja wetu aliyemrekodi, na simu tulikuwa nazo. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo na ndio nikaanza huu mradi: niitafute ile sauti ya kweli, niirekodi, nijue babu alikuwa anafanya nini na mdomo wake.

Nairobi, mwezi wa pili

Nilipanda SGR asubuhi pale Miritini nikaenda makumbusho ya reli, yako karibu na stesheni ya zamani ya Nairobi, yalifunguliwa mwaka 1971. Klasi ya 59 ziliundwa 34 tu, kati ya mwaka 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer Peacock huko Gorton, Manchester, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilizobaki ni mbili na zote ziko hapo: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Milima yenyewe iko Tanzania.

Sasa ukisimama chini ya 5918 ndio utaelewa kwa nini babu alikuwa akitaja namba yake anashusha sauti. Tani 252. Urefu unazidi mita 31. Hakuna injini ya mvuke nyingine kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani iliyowahi kuwa nzito au na nguvu kuliko hizi, na zilikuwa zatoka hapa kwetu, zavuka Makupa, zapanda Mazeras na kuendelea na nyika yote ya Taru na Tsavo mpaka juu. Kuna na behewa la yule Ryall, afisa wa polisi aliyenyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900, watu wote wamejazana hapo, mimi nilipita tu.

Nikapanda kwenye kibanda cha dereva. Nikakaa upande wa fayamani. Hakuna koleo manake hizi zilikuwa zinakula mafuta mazito sio makaa, kuna gurudumu dogo la chuma la kufungulia mafuta, na pale mkono unaposhika chuma kimelika kimekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Nikaweka mkono wangu hapo nikakaa tu, sijui dakika ngapi. Sijui kama babu aliwahi kufanya kazi kwenye hii hii 5918, lakini zilikuwa 34 na yeye alikaa nazo miaka, kwa hivo mimi nahesabu kwamba aliishika.

Nilirekodi lakini nilichopata ni watoto wa shule na honi za matatu za mjini. Injini iko kimya. Nikapiga picha kama 200 hivi, magurudumu, pistoni, boila, dohani ile ya kutolea moshi. Dohani nakumbuka niliiona haiko duara, imekuwa nyembamba na ndefu kama mkebe uliobanwa, nikadhani pengine iligongwa wakati wa kuvutwa. Nikapita.

Kwa nini mbili

Hapa nieleze kidogo kwa wasiojua, manake bila hii sauti haieleweki. Garratt ni jina la mtu, Herbert William Garratt, Mwingereza, na ya kwanza kabisa iliundwa mwaka 1909 ikapelekwa Tasmania. Wazo lake ni kwamba unachukua boila moja kubwa unalitundika katikati kama machela, halafu mbele kuna seti nzima ya magurudumu na silinda zake, na nyuma kuna seti nyingine kamili na silinda zake. Kila seti inajipinda peke yake kwenye kona. Kwa hivo injini ndefu namna ile inapita kwenye kona kali, na uzito unagawanyika kwenye magurudumu mengi, reli haiumii.

Lakini zile seti mbili hazijaunganishwa na chuma chochote cha kuzifanya zizunguke sawa. Kila seti gurudumu likizunguka mara moja inatoa pumzi nne. Zikiwa sawa unasikia pumzi nne nzito. Moja ikiteleza kidogo tu au magurudumu yake yakiwa yamelika kidogo kuliko ya mwenzake, zinaachana, unasikia nane nyepesi, halafu baada ya muda zinakutana tena. Niliposoma hivo nilisimama pale nilipokuwa. Zinagombana halafu zinapatana. Basi kwenye hilo mzee hakuongeza chumvi hata chembe.

Ila ile fuh bado ilikuwa haijaelezeka.

Wales, mwezi wa saba

Mimi nafanya kazi londri kwenye meli ya watalii. Siku nzima niko na mvuke, pasi za mvuke, mabomba ya mvuke, najua valvu ikianza kulia kabla hata geji haijasema, na mara nyingi nikiwa shifti ya usiku nilikuwa namuwaza babu. Ratiba ilipotoka nikaona tutatia nanga Holyhead siku nzima. Nikaomba ofu kwa bosi wangu miezi mitatu kabla, nikabadilishana shifti na Mfilipino mmoja, nikafanya na zake mbili juu.

Kutoka Holyhead nikachukua treni mpaka Bangor halafu basi mpaka Caernarfon. Pale ndio inaanzia Welsh Highland Railway, reli nyembamba kabisa, upana milimita 597, inakwenda kilomita 40 mpaka Porthmadog kupitia milimani. Ilikufa miaka ya 1930 ikang'olewa, halafu watu wakaja kuirudisha, wengi wao ni wa kujitolea, wakamaliza kuiunga yote mwaka 2011. Na injini zinazoivuta ni Garratt zilizokuwa zikifanya kazi Afrika Kusini! Yaani Afrika tulizichoka, wao wakazipakia melini wakazirudisha.

Siku ile injini iliyokuwa imefungwa kwenye mabehewa ni namba 130. Imeundwa mwaka 1951, Gorton, Beyer Peacock. Kiwanda kile kile, miaka minne tu kabla ya zetu. Ni ndogo, tani kama 60 hivi, ukiiweka ubavuni mwa 5918 ni kama mtoto na mamake, lakini umbo ni lile lile, tangi mbele, boila katikati, kibanda, tangi nyuma, nilipoiona inatokea na mvuke unamwagika chini kwenye silinda koo lilinikaba.

Nikakata tiketi ya kwenda Beddgelert na kurudi. Kwenda, nikakaa behewa la kwanza lisilo na vioo, nikatoa simu nje nikarekodi, na nilipokuja kusikiliza ni upepo mtupu, vuuuu, mwanzo mpaka mwisho. Nusu ya safari imepotea hivo hivo. Gadi wa treni, mzee mmoja wa kujitolea, akaniona nahangaika akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa, babu yangu alikuwa fayamani. Akanitazama, akauliza, klasi ya 59? Nikasema ndio. Basi kuanzia hapo nilikuwa mgeni wake, tulipofika Beddgelert akanipeleka mpaka kwenye injini wakati inahamishwa kuja upande wa pili, fayamani akanifungulia mlango wa tanuri nikaona makaa meupe kwa moto, joto likanipiga usoni mpaka nikarudi nyuma hatua. Garratt haihitaji kugeuzwa, inavuta mbele na nyuma sawa sawa.

Gadi akaniambia sasa ndio urekodi, manake kutoka Beddgelert ni mlima moja kwa moja, kila mita 40 unapanda mita 1, na reli imejikunja kona juu ya kona ndani ya msitu, upepo haufiki. Nikavua soksi moja nikaivisha simu. Dereva akafungua.

Chaf. Chaf. Chaf. Chaf. Nzito, pamoja, kifua changu kinatikisika. Kona ya kwanza, bado pamoja. Halafu kwenye kona ya pili nikasikia kitu kimelegea, kama mtu wa pili amechelewa nusu hatua, chaf-cha, chaf-cha, chaf-cha, zikaachana, zikawa mvumo, miti yote inavuma, halafu mdogo mdogo zikaanza kutafutana tena. Nilikuwa nimefumba macho. Niko barazani Changamwe, stima imepotea. Nililia jamani, na mama mmoja wa kizungu aliyekaa mbele yangu alinipa kitambaa bila kuuliza chochote.

Kule juu kabisa wanafika mita 198 hivi kutoka baharini. Babu alikuwa anaanzia baharini hapa anapanda mpaka zaidi ya mita 1,600 kule Nairobi. Nilirudi melini saa moja kabla ya ngazi kuinuliwa.

Magongo, wiki iliyopita

Nina klipu nzuri ya dakika kumi na moja. Lakini ni chaf, sio fuh, kwa hivo kwa hapo baba alikuwa bado anashinda. Mama ndio akanikumbusha kwamba kuna mzee mmoja Magongo alikuwa fayamani pamoja na babu, bado yuko hai. Nikaenda na sukari na majani chai.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. We ni wa nani?"

Nilipomtajia akanishika mkono hakuuachia kwa muda. Akanieleza jinsi walivokuwa wanasafiri makundi mawili, wengine wako kwenye injini, wengine wamelala kwenye behewa lao nyuma, wakifika mahali wanabadilishana, na nyuma yao tani elfu moja na mia mbili. Anasema ukilala unazoea sauti mpaka sauti ikibadilika ndio unaamka.

Nikamvisha iyafoni. Akafumba macho. Baada ya kama dakika moja nikaona mkono wake wa kulia umeinuka kwenye paja, vidole vimejikunja, unazunguka kidogo kulia, kidogo kushoto. Anafungua mafuta. Sikumgusa, nikangoja mpaka klipu ikaisha yenyewe.

"Hii yala makaa," akasema. "Na ni ndogo. Lakini ndio, mbili hizo."

Maneno yale yale ya babu. Halafu akatikisa kichwa. "Ila zetu hazikuwa na ukali huu. Zilikuja zikipiga hivi, halafu zikabadilishwa dohani, zikatiwa zile bapa. Hapo zikawa laini. Za mwisho zote zilikuwa zapumua, hazikohoi."

Nikatoa simu nikatafuta ile picha ya Nairobi. Ile dohani niliyodhani imegongwa. Nikaikuza nikamuonyesha, akaweka kidole juu yake: "Hiyo hiyo."

Usiku nikaisoma vizuri. Mvuke ukimaliza kazi kwenye silinda unatokea kwenye dohani, na ndio unaovuta moto upite kwenye boila. Kawaida unatoka kwa tundu moja kubwa kwa kishindo. Mhandisi wa Austria, Giesl-Gieslingen, akaja na mtindo wa kuugawa kwenye matundu madogo yaliyopangwa mstari mmoja, ndio dohani ikawa nyembamba na ndefu, mvuke unatoka kwa urahisi zaidi, injini inapata nguvu kwa mafuta machache, na kile kishindo kinakuwa pumzi. Klasi ya 59 zilifungiwa hizo. Kwa hivo babu aliyesikia fuh alisikia fuh. Nilimpigia baba simu usiku ule ule nikamsomea yote. Alinyamaza sana, halafu akaniambia, "Basi kesho nipeleke kwa huyo mzee."

Tukaenda wote wawili. Baba ndiye aliyemuomba, sio mimi: "Mzee, tafadhali, ilikuwa ikipiga vipi?" Na yule mzee akanyoosha mgongo ukutani, akavuta pumzi, akaanza taratibu, fuh, fuh, fuh, fuh, na mimi nilikuwa nishabonyeza.

Dakika 3 na sekunde 12. Iko kwenye simu yangu, kwenye simu ya baba, na kwenye memori kadi iliyo kabatini kwa mama.