Mama na mivinje ya Jabal Shams

Voisi ya mama ni sekunde 23 tu, na mpaka leo nimeisikiliza sijui mara ngapi, ndani ya daladala, jikoni, hata kwenye kikao cha skuli niliiweka sikioni nikajifanya napokea simu. Harusi ya Thuwaiba ilikwenda salama alhamdulillahi, mamdogo kalia mpaka wanja ukafika kidevuni, na barua yangu ya uhamisho wa Wete, Pemba, imetoka kweli kama nilivyohofia, hayo tutayazungumza siku nyengine. Leo ni voisi.

Nilimtumia picha moja. Nimekaa juu ya jiwe kileleni Jabal Shams, kule Oman, nyuma yangu miti, na nyuma ya miti hakuna kitu tena, ni bonde tu linakwenda chini mpaka macho yanakataa. Chini yake nikaandika "Mama, mita 2,997!!!" Kule juu mtandao unakuja na kuondoka, kwa hivyo picha ilitoka tuko njiani tunarudi, na jibu likanikuta Al Hamra, mkono umo ndani ya sahani ya wali na mbuzi.

"Nimeiona picha. Mivinje hiyo. Sasa mwanangu umekwenda kote huko, na nauli yote hiyo, ukapande mlima kutizama mivinje? Si ungekwenda hapo pwani tu. Haya, kula."

Mtume!

Yaani mtu ameondoka Muscat saa nane za usiku, kapita Nizwa yuko usingizini, kaanza kupanda baada ya sala ya alfajiri kwenye baridi inayoingia mpaka kwenye meno, kavaa koti la ami linalomfika magotini, kapanda saa tano na ushee, halafu anaambiwa mivinje. Mie ambaye kwetu kilima ni Masingini, haifiki hata mita 150, na hiyo tunapita kwa gari! Binami Hamdan alikuwa kashaniambia tokea jana yake kwamba kama nitachoka nimwambie mapema, asije akanibeba. Sikumwambia. Sikusema hata neno saa nzima ya mwisho, si kwa ushujaa, pumzi ya kusemea haikuwepo.

Njia yenyewe haina ngazi wala kamba, unafuata rangi zilizopakwa kwenye mawe, manjano nyeupe nyekundu, ukizikosa simama urudi uzitafute. Maji hakuna pahala popote, kila mtu kajibebea yake. Na mawe sasa. Tokea Muscat mpaka pale ni jabali tupu, kijivu, hudhurungi, huoni jani ila mitende kwenye vijiji vya mabondeni, nikawa najiuliza hawa mbuzi wanakula nini. Halafu unapanda, unapanda, unakutana na mzaituni wa mwitu mmoja, wanauita itm, mbele mwengine, na juu zaidi ndo inaanza ile mingine, alalan kwa jina la kule, shina limejisokota, majani membamba, vijitunda vya buluu vinavyokaribia weusi, ukivunja kijani kidogo ukasugua vidole harufu yake inakaa. Ya chini mingi imekauka vichwa, inatia huruma. Ya juu ndo mizima, minene, imetulia. Hamdan anasema huku juu pana baridi na mvua inagusa zaidi, ndo imepata kuishi, huko chini joto likizidi nani ataweza. Msitu usifikirie Ngezi, hapana, miti imeachana, kila mmoja na kiwanja chake, lakini ukishatembea kutwa kwenye mawe, huo ni msitu na nusu.

Na kilele chenyewe tulichokifika ni cha kusini. Kile kirefu zaidi kiko kaskazini, kina jeshi, marufuku kwenda, unakiona tu kwa mbali. Hilo sikumwandikia mama, angesema nimekwenda kote huko na hata juu sikufika.

Sasa kinachoniuma ni kwamba ile miti nilipoiona kwa mara ya kwanza na mimi nilisema hivyo hivyo. "Hamdan, mivinje!" Akacheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo siwezi hata kumbishia mama. Ndo maana nikawa nairudia voisi, natafuta pale penye dharau. "Sasa mwanangu." Hapo? Au "si ungekwenda hapo pwani tu"? Nikaona labda "haya, kula," maana alijuaje kama nakula? Nikamuudhikia kimya kimya siku chungu nzima, napokea simu zake namjibu salama, salama, nzuri.

Basi juzi usiku umeme umekatika, niko kitandani na hedifoni, nikaiweka tena. Siku zote nikiishia "haya, kula" naizima. Mara hii niliiacha. Baada ya hapo kuna kimya, kuku analia, kumbe hajaachia kidole, na kwa mbali anamuuliza mjukuu wake, Time:

"Na huyo alovaa jeusi ndo nani?"

"Si mamkubwa huyo, bibi."

"Ee."

Mnalikumbuka koti la ami, nililiweka kwenye stetasi. Buluu. Buluu ya kupiga kelele. Na kwenye ile picha yumo mtu mmoja tu.

Usingizi ukaenda zake. Nikaanza kukusanya vitu ambavyo nilikuwa navipita. Msahafu mkubwa alouomba mwaka jana, nikadhani ni kwa ajili ya madrasa. Mchele siku hizi anachagua Time. Idi ile alimimina chai nje ya kikombe, akasema mkono. Asubuhi nikampigia wifi, anasema mwenyewe hajalalamika, anatembea mpaka sokoni na kurudi. Nikampigia mama wa video, nikamuuliza mama mie nimevaa nguo gani leo, akanijibu bila kusita, "Kanga." Sasa saa moja ya asubuhi mwanamke yuko nyumbani kwake, atakuwa kavaa nini! Nikasema ya rangi gani, akasema mie naona vizuri, simu zenu ndo zina giza, na usiniulize kama mtoto wa chekechea.

Nataka atoke Pemba aje Unguja aangaliwe macho, kama ni mtoto wa jicho basi yajulikane, siku hizi wanautoa. Boti hataki, inamtapisha. Ndege anasema ni ghali. Na ile barua ya Wete nimeitoa tena kwenye bahasha nikaisoma upya tarehe ya kuripoti, sisemi kitu kwanza. Lakini mivinje mpaka sasa sijui. Kama alikuwa ananifanyia mzaha wake, au hakuona kitu ila vivuli vyembamba vimesimama akakisia.

Na pampu ya kisima inanguruma tu tokea nilivyorudi, maji hayapandi. Fundi kaja, kasema labda kapasita, kabadilisha, kachukua pesa yake, bado. Sasa anasema huenda maji yameshuka, na jirani wa nyuma ndo kwanza kachimba chake, kirefu kuliko changu. Nifanye nini, nimwendee nimwambie nini? Na Ramadhani hiyo inabisha hodi, nyumba ina ndoo mbili.